Simba hafuati wingi: kisa cha modeli iliyokosea msimu

## Mahali na watu

Kisa hiki ni cha modeli ya hisabati ya kutabiri simba watavamia mifugo wapi, na kinatokana na kazi niliyoshiriki. Majina ya kijiji, hifadhi, mradi na watu nimeyaondoa, na baadhi ya maelezo ya mahali nimeyageuza ili eneo lisitambulike. Hesabu nimeziacha wazi ili mwenye kalamu na karatasi azirudie.

Eneo ni la wafugaji, kaskazini mwa Tanzania, na linapakana na hifadhi ya taifa isiyo na uzio. Ndani ya hifadhi kuna mto usiokauka. Kiangazi kikikolea, nyumbu na pundamilia husongamana kandokando yake kwa sababu maji ya kwingine yameisha. Mvua zikinyesha hutoka na kutawanyika kwenye nyanda za majani mafupi nje ya hifadhi, na huko ndiko mifugo ya kijiji inakochungwa. Anayeijua Tarangire anaujua mtindo huu: kiangazi wanyama wako mtoni, masika wako Simanjiro, ambako majani yana fosforasi ya kumtosha nyumbu anayenyonyesha. Simba wapo pande zote mbili za mpaka.

Mradi mdogo wa uhifadhi ulikuwa na taa za sola zinazomweka usiku, zile zinazofungwa juu ya uzio wa boma ili kumtia simba wasiwasi. Taa zilitosha maboma machache tu. Kwa hiyo swali tuliloletewa lilikuwa fupi: kila wiki mbili, tuambieni taa ziende kwenye maboma yapi.

Tulikuwa watu watatu, wawili wa hisabati na mmoja wa ikolojia ya wanyamapori. Kijijini tulifanya kazi na askari wanyamapori wa kijiji na mzee mmoja, mwenyekiti wa kamati ya malisho. Tulikuwa na simba jike wanne waliovishwa kola za GPS, kila mmoja wa kundi lake, kila kola ikituma nukta moja kila baada ya saa nne. Tulikuwa na picha za satelaiti za ukijani wa majani kutoka kifaa cha NASA kiitwacho MODIS, zenye vipande vya mita 250 na zinazotoka kila siku 16. Na tulikuwa na daftari la matukio la askari wa kijiji: tarehe, boma, mnyama aliyeuawa, aliyeua, na safu ya mwisho iliyoandikwa "maoni". Safu hiyo nitairudia.

## Modeli ya kwanza, na kwa nini tuliichagua

Tuliokaa darasani tulianzia pale kila mwanafunzi anapoanzia. Mwaka 1925 Alfred Lotka, na 1926 Vito Volterra, kila mmoja kwa njia yake, waliandika jozi ya milinganyo inayoeleza jinsi idadi ya mnyama mwindaji na idadi ya mawindo zinavyopandishana na kushushana. Volterra alivutwa na swali la mkwewe, Umberto D'Ancona, aliyekuwa ameona kwenye takwimu za masoko ya samaki ya bahari ya Adriatic kwamba wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, uvuvi ulipopungua, papa na jamaa zao waliongezeka kwa uwiano katika samaki waliovuliwa. Ni kazi nzuri, na bado naifundisha kwa moyo wote.

Sisi tulichukua umbo lake la baadaye, lenye ukomo wa malisho na ukomo wa kushiba:

dN/dt = rN(1 − N/K) − aNP/(1 + ahN)

dP/dt = eaNP/(1 + ahN) − mP

N ni mawindo na P ni simba. K ni idadi ambayo malisho yanaweza kulisha, a ni wepesi wa simba kupata windo, h ni muda anaoutumia kuua, kula na kupumzika. r ni kasi ya mawindo kuongezeka, e ni sehemu ya mlo inayogeuka simba wapya, m ni kasi ya simba kufa. Kipande aN/(1 + ahN) ni kazi ya C. S. Holling ya mwaka 1959, na maana yake ni rahisi: hata nyumbu wawe wengi kiasi gani, simba mmoja hawezi kula zaidi ya tumbo lake.

Juu ya hayo tukaweka mwendo. Ramani tuliigawa katika miraba ya kilomita moja. Kwa kila mraba tulikadiria nyumbu kutokana na ukijani, kisha tukaruhusu simba wafanye mambo mawili: kutawanyika ovyo kama wino ndani ya maji, na kuvutwa kuelekea mahali mawindo yanapozidi. Huko kuvutwa hatukukubuni. Peter Kareiva na Garrett Odell walikuwa wamekionyesha mwaka 1987 kwa mbawakawa wadogo wa madoa (ladybird) wanaokula vidukari: anayekula hugeuka mara kwa mara, hivyo hujikuta amekusanyika penye chakula.

Tulichagua hivyo kwa sababu tatu, na ninaziandika kwa sababu wakati ule kila moja ilionekana ya busara. Modeli ilikuwa na vigezo vichache, na sisi tulikuwa na simba wanne tu. Ilikwenda haraka kwenye kompyuta ya kawaida. Na ilieleweka: mkutanoni kijijini tuliweza kusema "simba yuko penye nyumbu wengi" na kila mtu akaitikia kwa kichwa. Mzee mwenyekiti peke yake hakuitikia, na hatukumuuliza kwa nini.

## Kiangazi: ilipoonekana kuwa sahihi

Tulianza mwezi Agosti. Ramani yetu ilikoza rangi kandokando ya mto, na nukta za kola zikaangukia pale pale. Taa zikapelekwa kwenye maboma ya karibu na mto. Wiki zikapita, matukio yakawa machache sana. Kwenye ripoti ya kwanza tuliandika kwamba utabiri unafanya kazi na taa zinasaidia.

Sentensi hiyo ilikuwa na makosa mawili. Hatukuwa na maboma ya kulinganisha, ya umbali ule ule kutoka mtoni lakini hayana taa, kwa hiyo hatukuwa na haki ya kuzisifu taa. La pili ni zito zaidi. Kuwajua simba waliko si kujua watakapovamia. Simba walikuwa mtoni kweli, lakini walikuwa wameshiba. Modeli ilipata alama nzuri kwenye swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

## Masika: usiku mmoja

Mvua za Machi zilipokolea, nyumbu walitawanyika na ramani yetu ikapauka. Hakuna mraba uliokuwa na mawindo ya kutosha kuvuta simba, kwa hiyo hatari ilionekana ndogo kila mahali. Tulishauri taa zishushwe zifanyiwe matengenezo, kwa kuwa betri zilikuwa zimechoka. Uamuzi huo ulikuwa wetu, na ulitoka moja kwa moja kwenye modeli.

Siku chache baadaye boma moja lilipoteza ng'ombe watatu na ndama kwa usiku mmoja. Nilifika asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na tope lilikuwa laini, nyayo zinasomeka. Mzee alikuwa amesimama kwenye pengo la uzio wa miiba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Tazama miiba imelala upande gani."

Nilitazama. Matawi yote yalikuwa yamelalia nje.

"Simba hakuingia," akasema. "Ng'ombe ndio waliotoka. Upepo ulikuwa unatoka kule, wakamnusa, wakabomoa. Yeye alikuwa anawangoja upande huu."

Nilimweleza, kwa heshima lakini kwa kujiamini kusikostahili, kwamba hesabu zetu zilionyesha mwezi huu simba wako mbali na wametawanyika. Alinijibu taratibu. Kiangazi, alisema, simba hana taabu: anajilaza karibu na maji, nyumbu atakuja mwenyewe kwa sababu lazima anywe. Masika kila shimo lina maji na kila mahali pana majani. Nyumbu ameshiba, ana mbio, halali mahali alipolala jana. Simba ana njaa masika. Ng'ombe ndiye mnyama pekee ambaye kila jioni yuko pale pale.

Dakika tano hizo zilikuwa na mambo ambayo modeli yetu haikuwa nayo hata moja.

Siku ya tatu yake kola moja ilituma nukta ile ile. Moja, mbili, mpaka saba mfululizo, mahali pamoja: saa 24. Simba hulala sana, lakini halali hivyo. Vijana walikuwa wamelipiza kisasi. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa, walikuwa wamepoteza karo na maziwa ya watoto. Lakini jike yule alikuwa na watoto wadogo, na nilijua ushauri wetu kuhusu taa ulikuwa sehemu ya mlolongo uliomfikisha pale.

## Kurudi mezani

Kazi ya kwanza haikuwa kuandika mlinganyo mpya. Tulilifungua daftari la askari wa kijiji, safari hii tukasoma safu ya maoni, ambayo mwanzoni tuliifuta kwenye faili kwa sababu haikuwa na namba. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono na kwa kifupi: "walitoka wenyewe", "mvua kubwa", "walisahaulika malishoni", "mwezi bado". Maneno hayo yalijirudia ukurasa baada ya ukurasa. Tukakaa siku mbili kuyageuza kuwa safu za kuhesabika, na ndani ya siku hizo mbili tukajifunza kuliko miezi yote ya nyuma.

Halafu tukatafuta mahali hesabu zetu zilipovunjika. Tulipata manne.

La kwanza na kubwa ni wastani. Mwaka mzima tulikuwa tumewapa simba kiwango kimoja cha ulaji kilichokadiriwa kutokana na wastani wa mawindo. Chukua mfano mdogo. Tuseme ulaji wa simba, kama sehemu ya uwezo wake wote, ni N/(20 + N). Wastani wa nyumbu wanaofikika ukiwa 50, jibu ni 50/70, yaani asilimia 71. Simba anaonekana yuko vizuri mwaka mzima. Sasa weka misimu: nusu mwaka 100, nusu mwaka 0. Nusu ya kwanza anakula 100/120, asilimia 83. Nusu ya pili hali kitu. Wastani wa ulaji ni asilimia 42. Nyumbu ni wale wale kwa mwaka, ila simba mmoja ameshiba na mwingine anakufa njaa. Mchoro wa kushiba una mgongo uliopinda, na penye mgongo uliopinda ulaji wa wastani si wastani wa ulaji. Wanahisabati tunalijua hili kwa jina la Jensen na tunalifundisha mwaka wa pili. Tulilisahau lilipovaa ngozi ya nyumbu.

La pili ni muda. Milinganyo ya Lotka na Volterra inazungumzia kuzaliwa na kufa. Simba hubeba mimba siku 110 hivi na watoto huchukua miaka kuwa wawindaji. Ndani ya wiki mbili idadi ya simba haibadiliki kwa maana yoyote ya kusaidia. Kinachobadilika ni mahali walipo, njaa yao, na giza. Tulikuwa tumechukua hesabu ya miaka tukaiuliza habari za usiku.

La tatu ni mtawanyiko. Kola zilionyesha simba kwa kawaida akiwa kilomita sita kutoka alipokuwa siku iliyopita. Kwa mwendo wa ovyo kwenye ramani bapa, wastani wa umbali uliozidishwa kwa wenyewe ni 4Dt, D ikiwa kasi ya kutawanyika na t idadi ya siku, hivyo 36 = 4D, na D ni kilomita za mraba 9 kwa siku. Ukiiachia modeli siku 30, 4 × 9 × 30 ni 1,080, na kipeuo chake cha pili ni karibu 33. Simba wetu wa kompyuta alikuwa amefika kilomita 33. Simba wa kweli alikuwa amezunguka na kurudi kwenye korongo lake, kwa sababu ana himaya, ana watoto waliofichwa, na ana majirani wasiomtaka. Ilitosha kuchora nukta za mwezi mmoja kwenye karatasi kuliona hilo. Hatukuzichora. Tulizipeleka moja kwa moja kwenye programu.

La nne ndilo lililonipa kichwa cha habari. Grant Hopcraft, Anthony Sinclair na Craig Packer walichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa simba wa Serengeti. Walionyesha kwamba simba huchagua mahali windo linapokamatika kirahisi, penye kingo za mito, vichaka na maficho, kuliko mahali windo lilipo jingi. Matokeo hayo yalikuwapo, tungeweza kuyasoma kabla ya kuanza. Na wazee wetu wanasema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Sisi tulitengeneza simba anayekimbilia penye kundi kubwa uwandani, ambako nyumbu anamwona tangu mbali.

## Modeli ya pili

Tuliacha kuhesabu simba wangapi, tukahesabu hatari ya usiku mmoja kwa boma moja. Hatari hiyo tuliiandika kama zao la vitu vitatu: uwezekano wa simba kupita karibu, njaa yake, na udhaifu wa boma kwa saa ile.

Kwa mwendo, tuliacha wino kwenye maji. Kila simba alipewa kitovu kinachomvuta arudi kadiri anavyokwenda mbali, na ndani ya himaya yake alipewa upendeleo wa makorongo na vichaka. Kitovu chenyewe kiliruhusiwa kusogea na msimu.

Kwa njaa, tulitumia nukta zilizolundikana. Simba akiua mnyama mkubwa hukaa naye, na kola huacha kishada cha nukta. Vishada vichache tulivitembelea na askari wa kijiji, tukakuta mifupa. Kuanzia hapo "siku tangu kishada cha mwisho" kikawa kipimo chetu cha njaa. Si kamili: swala mdogo huliwa kabla saa nne hazijaisha na haachi kishada. Lakini hicho hicho kilionyesha waziwazi kwamba masika nafasi kati ya mlo na mlo inarefuka.

Kwa boma, tuliingiza aina ya uzio, kama ni miiba mitupu, miiba na wavu wa chuma, au ule wa miti hai ya Commiphora iliyofungiwa wavu, ambao umeenea katika Nyika ya Wamaasai. Tukaingiza mvua ya usiku. Na tukaingiza mwezi.

Mwezi unahitaji maelezo, maana "mwezi bado" ya daftari ilitutatiza mwanzoni. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi huchomoza jua likizama, na simba huwinda kwa shida. Kila siku inayofuata mwezi huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, jua likizama saa 12:30 jioni, mwezi hutoka karibu saa 3 usiku. Katikati kuna saa mbili na nusu bila mwezi, na utusitusi ukiisha ni giza totoro, tena zile saa ambazo ng'ombe ndiyo kwanza wameingia, kukamua hakujaisha, na geti la miiba linafunguliwa na kufungwa. Simba naye ametoka kwenye siku kadhaa za mwanga na tumbo tupu. Packer na wenzake walikwisha kulionyesha jambo hili mwaka 2011 kwa karibu mashambulizi 500 ya simba dhidi ya watu Tanzania kati ya 1988 na 2009: hatari hupanda siku zinazofuata mwezi mpevu, mapema usiku. Askari wetu wa kijiji, bila kusoma makala hiyo, alikuwa ameliandika kwa maneno mawili.

## Yaliyotokea baadaye

Masika iliyofuata taa zilikwenda kinyume cha mwaka wa kwanza. Hazikukaa mtoni. Zilikwenda kwenye maboma ya miiba mitupu karibu na makorongo, na zilihamishwa kufuata tarehe za mwezi. Maboma yaliyojaribiwa na simba msimu ule yalikuwa kwa sehemu kubwa yale tuliyoyataja. Safari hii, kwa ruhusa ya kamati ya malisho na baada ya mjadala mrefu, baadhi ya maboma yenye hatari sawa yalikaa bila taa ila na walinzi wawili wa usiku. Kwa hiyo tunaweza kusema jambo moja kwa uhakika kiasi: watu walio macho walisaidia angalau sawa na taa.

Kuongezeka kwa uvamizi masika si ajabu ya eneo letu. Kumeripotiwa Nyika ya Wamaasai na kwenye ranchi zinazopakana na Tsavo Mashariki. Tulikuwa tumejenga chombo kilichokosea jambo linalojulikana.

Kisha vuli moja haikunyesha, na modeli ya pili nayo ikashindwa. Majani hayakuota, nyumbu wakabaki mtoni, modeli ikasema simba wameshiba na maboma yako salama. Nusu ilikuwa kweli. Lakini modeli ilichukulia kwamba boma halihami. Wafugaji walihama. Walijenga maboma ya muda, dhaifu, ukingoni mwa hifadhi palipobaki majani, na ng'ombe wakakonda kiasi cha kushindwa kutembea na kundi, wakaachwa nyuma jioni. Matukio mengi ya kipindi kile hayakuwa ya boma hata kidogo. Yalikuwa ya ng'ombe aliyelala malishoni.

## Uchambuzi

Lililofaa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa kuuvunja mlinganyo vipande na kukipeleka kila kipande kwa mtu anayekijua. Njaa tuliithibitisha na askari kwenye mifupa, uzio na mzee kwenye pengo la miiba, mwezi kwenye daftari. Modeli ya kwanza ilikuwa kitu kimoja kizima, na kilipokosea hatukujua kimekosea wapi.

Mazingira tulikuwa tumeyaweka kwenye modeli ya kwanza kama rangi ya ramani: ukijani mwingi, nyumbu wengi. Lakini masika hayaongezi wala kupunguza nyumbu tu. Yanabadilisha maana ya nyumbu mmoja. Nyumbu wa Septemba mtoni na nyumbu wa Aprili uwandani ni mnyama yule yule kwa N, na si yule yule kwa a. Kama ningerudia kazi hii ningeanza na a inayobadilika kwa msimu, kwa saa na kwa mahali, kabla ya kugusa kitu kingine. K ningeiacha kabisa.

Kwenye data tulibaki na tundu ambalo bado halijazibwa. Kola zote zilikuwa kwa majike wenye himaya. Dume kijana aliyefukuzwa kwenye kundi, anayetangatanga bila kitovu, hayumo. Na ndiye mara nyingi anayesogelea mifugo. Modeli yenye kitovu haiwezi kumwona, kwa sababu tuliijenga kutokana na wale walio na kitovu. Fisi pia hayumo, ingawa daftari limemjaa, na kwa mwenye mbuzi aliyeliwa tofauti ya simba na fisi ni ndogo.

Kosa la kiangazi cha kwanza ndilo ninalolieleza zaidi kwa wanafunzi, kwa sababu halikuuma. Matukio machache yalisomwa kama ushahidi. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyeuliza tungeona nini kama modeli ingekuwa mbovu. Tungeona kile kile.

Uchovu wa tahadhari nao hatukuupangia. Mtu akiambiwa mara nne aamke usiku na simba asije, mara ya tano halali macho. Tulipunguza ujumbe, tukakubali kukosa baadhi ya matukio ili yale tunayoyataja yaaminike. Uamuzi huo si wa hisabati, na tulikosea kuuchukua peke yetu mwanzoni. Sasa ni kamati ya malisho inayosema ni kengele ngapi za uongo inaweza kuzivumilia kwa mwezi, na sisi tunarekebisha kizingiti kufuata jibu lao.

Limebaki moja, nalo limetokana na modeli yenyewe. Tuseme kuna maboma kumi yaliyo sawa, na simba anayetafuta mfugo ana uwezekano wa moja kwa kumi kwenda kila moja. Matano yakiwekewa wavu imara, mvuto wake ushuke hadi sehemu ya kumi ya ulivyokuwa. Jumla ya mvuto inakuwa 5 na 0.5, yaani 5.5. Kila boma lisilo na wavu sasa lina 1/5.5, karibu asilimia 18. Aliyekosa wavu hatari yake imekaribia kuongezeka mara mbili kwa sababu jirani amejilinda. Huenda simba wengine watakata tamaa na kurudi hifadhini, na hesabu itapungua makali, lakini haitafutika. Wavu ni ghali, na wenye ng'ombe wengi ndio wanaoweza kuununua kwanza.

Hesabu hiyo tuliipeleka kwenye mkutano wa kijiji, tukaichora ardhini kwa kijiti, mawe kumi na kokoto tano. Mjadala ulianza mchana ukaisha jua likizama. Wengine walitaka wavu uanzie pembeni, kwenye maboma ya wajane na ya vijana waliotoka kuoa. Wengine walitaka uanzie penye ng'ombe wengi, maana ndipo hasara ni kubwa. Mpaka ninapoandika, hawajaamua, na modeli haina la kuwaambia.